Beseni Ambalo Mmateboho Hakulikabidhi

Nkgono Mmamokete, yaani Bibi Mmamokete, alikuwa kipofu nje ya nyumba tu. Ndani aliona kuliko wengi wenye macho yao mawili. Aliamka kabla ya kila mtu, akapita kati ya kitanda na kabati bila kugusa hata shuka, akawasha jiko la mafuta ya taa, akainjika maji ya uji, kisha akafungua mlango wa nyuma na kuwasikiliza kuku kama wameamka salama. Mgeni aliyesahau kurudisha kiti mahali pake aliulizwa ni nani aliyemletea bibi mlima sebuleni. Lakini mtoe getini, mpeleke kanisa la mtaa wa pili, na bibi huyohuyo aling'ang'ania mkono wa mkwe wake kwa kucha, akanyamaza kimya kama mtoto aliyepelekwa kwa wageni.

Mkwe huyo ndiye Mmateboho, na haya ni maisha yake. Jina walimpa siku aliyoolewa, maana Basotho humwita bibi harusi mama wa fulani kabla fulani mwenyewe hajatungwa mimba. Teboho hakuja. Mume naye alikuja mara mojamoja kutoka migodini, na mara ya mwisho akaja na mapafu yaliyojaa vumbi, akafa kabla ya baridi kuisha. Wakabaki wanawake wawili ambao hawakuchaguana, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili na jiko, Sehemu K, Botshabelo, Afrika Kusini. Mwaka wa kwanza waligombana juu ya chumvi. Baadaye walizoeana, na baadaye tena mmoja akikohoa usiku mwingine alikuwa ameshaketi kitandani.

Mmateboho alifanya kazi kiwanda cha fulana, kukagua mishono. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na deni dogo: friji aliilipa ikaisha, kochi akalilipa likaisha, viatu vya kanisani vilevile. Mtaani walimwamini hivi kwamba mtu akisafiri alimwachia ufunguo yeye, si ndugu yake. Kwa hiyo zamu yake ilipofika, hakuna aliyeshangaa kuona beseni linakwenda kwake.

Beseni lenyewe ni la bati, jeupe, lina ukingo wa buluu, na ni la chama cha kuzikana. Chama kinaitwa Mpate Sheleng, yaani nifunike kwa shilingi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wanawake hukutana, huimba, hutia michango ndani ya beseni, na kila mmoja hutaja kwa sauti anachotia. Bahasha haziruhusiwi, kunong'ona ndiyo kabisa. Anayenong'ona kwenye beseni, wanasema, anamnong'oneza maiti. Mweka hazina naye husoma kila kitu mbele ya watu, hata bei ya vitunguu vya mazishi yaliyopita. Zamu ikiisha hulitoa beseni kwa mikono yake miwili na kumpa anayefuata. Halipokonywi, maana ni beseni la wafu, na atakayelipokonya amejiitia msiba nyumbani kwake.

Zamani chama kilikuwa na akaunti yake benki, yenye sahihi tatu. Siku moja mwenye sahihi mmoja akafa, wa pili alikuwa Cape Town kwa bintiye, na benki ikasema pesa haitoki. Marehemu akazikwa kwa ng'ombe wa mkopo ilhali pesa yake mwenyewe imefungiwa kabatini kwa watu. Wanawake wa Sehemu K hawajasamehe jambo hilo mpaka leo. Toka hapo pesa yote hupita katika akaunti ya mweka hazina mwenyewe. Mtu akifa Jumatano, Alhamisi michango inaingia kutoka kila upande, na kabla ya jua kuzama imekwenda kwa mwenye majeneza, kwa mwenye ng'ombe, kwa mwenye hema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana kila mtu alisema kazi hiyo ni rahisi. Mmateboho aliibeba bila kunung'unika, na mwaka ule watu wakafa hasa.

Kisha mwenye nyumba akafa naye, huko Welkom. Mwanawe, Ntate Seabata, yaani Bwana Seabata, akaja na gari jeupe, akanywa chai kwa heshima, akasema ndugu zake wanataka kuuza. Yupo mtu ana pesa mkononi, anataka kuvunja ukuta wa mbele afungue baa. Lakini kwa kuwa marehemu mama yake alimpenda Nkgono, yuko tayari kusubiri hadi Pasaka ili Mmateboho atafute mkopo anunue yeye. Bibi alikuwa ameketi pembeni anamenya njegere. Seabata alipoondoka, bibi aliinuka, akatembea polepole chumba hadi chumba, mkono ukipapasa ukuta ambao hakuwa ameupapasa miaka mingi.

"Mimi nilipofuka nilikuwa bado na nguvu," alisema. "Nilijifunza nyumba hii kwa magoti na paji la uso. Sina umri wa kupofuka mara ya pili."

Basi Mmateboho akaenda benki. Alikwenda bila wasiwasi, kama mtu aendaye kuchukua chake, maana anayelipa madeni yake aogope nini? Kijana wa benki alimkaribisha kiti, akabonyeza, akasubiri, uso ukambadilika kidogo.

"Imekataa, Mme," alisema, kama Basotho wamwitavyo mama wa heshima.

"Nani amekataa?"

"Kompyuta. Alama zako ziko chini."

"Muulize kwa nini."

"Haisemi," kijana alijibu, na kwa haki alionekana kuona aibu.

Alama hizo, alielezwa, hazitoki benki. Zinatoka kwa kampuni moja ya Johannesburg ambayo kazi yake ni kumpima kila mkopaji na kumpa namba. Mmateboho akaipigia simu kampuni, akasikilizishwa muziki, akapiga tena. Mwisho akajibiwa kwa maandishi kwamba namba yake ni sahihi, imetokana na mambo mengi kumhusu, ila jinsi mambo hayo yanavyopimwa ni siri ya biashara. Ona ujeuri huo. Mtu anakupekua mifuko mpaka pindo la sketi, kisha wewe ukimuuliza ameona nini, anakwambia macho yake ni mali yake.

Aliyechemka zaidi alikuwa Disebo. Huyu ni rafiki yake wa jirani, mwuza nyanya na kabichi, mwanamke wa vicheko vikubwa na ulimi usio na breki. Yeye ndiye aliyekuwa wa zamu ya beseni baada ya Mmateboho, na alikuwa akiota bakkie yake mwenyewe, yaani pikapu, hata iwe kuukuu, aache kukodi magari ya watu. Alisimama jikoni kwa Nkgono, mikono kiunoni, akawasema wale watu wa Johannesburg kama vile wako chini ya meza.

"Wewe huna ulichoficha, rafiki yangu. Sasa wao wanaficha nini? Mficha uchi hazai."

Neno lile likampitia Mmateboho kifuani, maana tumbo lake lilikuwa tupu na mtaa mzima walijua. Disebo mwenyewe aligundua alichosema, akajifunika mdomo kwa kanga. Wakatazamana, wakacheka, yakaisha. Ni Disebo pia aliyesikia habari za wakili mmoja Bloemfontein anayesaidia watu bila malipo, na ni yeye aliyemsindikiza siku ya kwanza, na furushi la mandazi mapajani.

Wakili aliitwa Keneuoe Phafoli, binti mdogo wa miwani, sauti ya chini, lakini akishika jambo haliachi. Alisema sheria ya nchi iko wazi: anayenyimwa mkopo ana haki ya kuambiwa sababu, na mtu asihukumiwe na mashine peke yake bila kujua imemwonaje na bila kupewa nafasi ya kujitetea. Siri ya biashara ni kitu halali, akasema, mtu akitengeneza kinywaji. Lakini hawa wametengeneza hukumu. Akaipeleka kampuni mbele ya baraza la mikopo.

Kampuni ikajibu kwa makaratasi ya kujaza toroli. Mara ikasema baraza halina mamlaka. Mara ikasema ikifungua hesabu zake, wadanganyifu wote wa nchi watajua pa kupita. Mmateboho alikuwa akirudi kazini na macho mekundu, anakagua mishono huku anajikagua mwenyewe. Je, ni ile simu aliyomdhamini shemeji? Ni yale mazoea ya kuchelewa siku mbili na umeme? Ni mume kufa? Usiku alimhesabia Nkgono makosa yake yote tangu usichana, na bibi akamwambia alale, kwamba hata Mungu hana orodha ndefu hivyo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kutojua. Mtu ukiambiwa umeiba, utasema sikuiba. Yeye aliambiwa hafai, basi, na akaanza kuamini.

Siku ya shauri ilikuwa wiki moja kabla ya Pasaka. Walifika mapema, Mmateboho amejifunga blanketi lake la heshima, Keneuoe amebeba majalada. Kabla ya mlango kufunguliwa, wakili wa kampuni akamwita Keneuoe pembeni kwenye korido, wakazungumza kwa muda. Aliporudi, Keneuoe hakukaa. Alichuchumaa mbele ya Mmateboho kama binti anayezungumza na mama.

"Mme, nikwambie ukweli. Tukiingia mle ndani, naamini tutashinda. Wataamriwa wafungue. Halafu watakata rufaa, na rufaa itakula mwaka, pengine miwili."

"Na Pasaka?"

"Pasaka haikati rufaa."

Keneuoe akaendelea, na sauti ilikuwa nzito. Kampuni inataka yaishe hapa hapa. Wataisahihisha namba yake kwa mkono, benki imeshakubali, na mkopo utapita wiki hii. Sababu wataambiwa wao wawili, yeye na wakili wake, mlango umefungwa. Lakini atasaini kwamba hatamwambia mtu yeyote alichokisikia, na akisema, watadai kila kitu, nyumba ikiwemo.

"Hata Nkgono?"

"Hata Nkgono."

"Na mashine yao?"

"Inabaki ilivyo. Wanakutoa wewe tu."

Wakili hakumshawishi. Alitaka sana kuingia mle ndani, ungeona jinsi alivyoyakumbatia majalada yale, maana hukumu moja ingewafungulia watu wengi asiowajua. Lakini mteja alikuwa na bibi kipofu na wiki moja. Mmateboho alimfikiria Nkgono akipapasa ukuta wa chumba cha kupanga mahali pengine, magoti, paji la uso. Akaomba kalamu.

Chumba cha kuelezwa kilikuwa kidogo, na kijana wa kampuni aliyeeleza alikuwa na adabu. Alieleza kama fundi anayejivunia saa aliyoitengeneza. Mashine haina chuki na mtu, alisema. Ilifundishwa kwa maisha ya watu mamilioni, ikajionea yenyewe kwamba anayelipa watu wa mazishi mara kwa mara, haupiti muda anashindwa kulipa mkopo. Misiba humfilisi mtu. Tena pesa ikiingia kutoka kwa watu wengi na kutoka yote siku hiyohiyo, mashine humwona mwenye akaunti kama mcheza kamari. Madeni yake yote aliyalipa vizuri, hongera, lakini hayo mawili yalizidi uzito.

Kumbe Mmateboho alikuwa amejichunguza roho bure.

"Wale si maiti wangu," alisema. "Ni wa mtaa mzima."

"Mashine haijui mtaa, Mme. Inajua akaunti."

"Na atakayepokea kazi hii baada yangu?"

Kijana akamtazama wakili wa kampuni, na wakili wa kampuni akasema kwa upole kwamba hilo liko nje ya makubaliano. Keneuoe alikuwa akitazama dirishani. Walipotoka nje hakumlaumu, alimnunulia chai tu, na walipoagana akasema atamsubiri mteja mwingine, mtu asiye na nyumba ya kupoteza. Alisema bila ubaya, lakini Mmateboho alirudi nalo neno hilo hadi Botshabelo.

Nyumba ikanunuliwa. Disebo alikuja na kuku wawili, wakapika, wakaimba mpaka majirani wakajaa uani. Nkgono alicheza akiwa peke yake katikati ya sebule, hakugusa kiti hata kimoja. Watu walimuuliza Mmateboho, haya, tuambie, hao watu walikuwa wanaficha nini? Akasema wamerekebisha, walikosea. Hivyo tu? Hivyo tu. Disebo akamkazia macho, kisha akaacha, maana ilikuwa siku ya furaha.

Mwezi wa sita, baridi kali, zamu ya beseni ikaisha. Kwa majuma kadhaa Mmateboho alikuwa hali vizuri. Kila alipomwona Disebo akipita na kabichi zake, au aliposikia tena kwamba ameshaongea na mwenye bakkie, kwamba ataomba mkopo mwezi wa nane, alitamani kumwita amweleze. Alijua vizuri kitakachotokea. Disebo atapokea beseni, watu watakufa kama kawaida yao, pesa itaingia na kutoka, na kijana wa benki atambonyezea kompyuta na kusema imekataa. Na Disebo atajiuliza kosa lake ni lipi.

Kwenye mkutano alijaribu njia ya kwanza. Alisoma hesabu zote mpaka bei ya vitunguu, kisha akapendekeza chama kifungue tena akaunti yake chenyewe. Ukumbi ukanguruma. Wamemsahau marehemu aliyezikwa kwa mkopo? Wakamtaka ataje sababu. Akasema ni kwa usalama tu. Usalama wa nani, na dhidi ya nani? Wakalipigia kura pendekezo, likaanguka lote.

Basi Disebo akasimama, akajitanda blanketi vizuri, akaja mbele na kunyoosha mikono yake miwili kama desturi ilivyo. Alikuwa anatabasamu. Mmateboho alikuwa amelipakata beseni.

"Sitalitoa," alisema.

Walidhani hawakusikia. Akarudia. Akasema ataendelea yeye, zamu hii na ijayo, mpaka atakapochoka. Mwenyekiti akamuuliza kama ni mgonjwa. Mwingine nyuma akasema kwa sauti, kama desturi ya chama inavyotaka, kwamba nyumba hainunuliwi kwa mshahara wa fulana. Hapo ndipo watu walipoanza kutazamana. Mmateboho aliona wazo hilo likipita kutoka uso hadi uso, na hakuwa na neno moja la kulizuia. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema, ni kwa ajili yenu, mbumbumbu nyie, ni kwa ajili ya bakkie yako, Disebo. Badala yake akalikumbatia beseni.

Disebo alibaki amenyoosha mikono kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Halafu akaishusha.

"Mme, unatuficha nini?"

"Sina ninachoficha."

"Mficha uchi hazai," Disebo alisema, na safari hii hakujifunika mdomo.

Hakuna aliyelipokonya beseni, desturi ni desturi. Wala hakuna aliyetoka chamani, kwa sababu atokaye huacha michango yake yote nyuma, na nani anajua atakufa lini. Wakaweka tu wanawake wawili wa kukaa nyuma ya Mmateboho na kuhesabu upya kila anachohesabu. Mchango huletwa, hutajwa kwa sauti, hutiwa ndani, na mletaji huondoka bila kunywa chai. Mwezi wa nane Disebo alipata mkopo wake. Bakkie ni ya kijani, mlango mmoja haufungi vizuri, na hupita mbele ya geti kila alfajiri bila kupiga honi. Mmateboho husimama dirishani kuitazama mpaka ipinde kona, na mara nyingine hufurahi kweli, na mara nyingine hulia.

Jumapili moja alitoka kwenye mkutano, akaingia, akaliweka beseni juu ya kabati. Nkgono alikuwa ameketi kitini pake karibu na jiko, kichwa ameinamisha upande kama anayesikiliza mvua.

"Umerudi peke yako?"

"Ndiyo, Mme."

"Zamani ulikuwa unarudi na watu wako. Disebo alikuwa anagonga sufuria zangu, ananitania. Sasa mwezi wa ngapi huu sisikii mtu." Bibi aliinuka, akanyoosha mkono, akaugusa ukuta, akaufuata taratibu hadi kwenye fremu ya mlango, akairudia mara mbili. "Mwanangu, usinidanganye kwa kuwa sioni. Una hakika hatujahama?"

Mmateboho akaenda akamshika mkono. "Hatujahama, Mme. Nyumba ni ileile," akamwambia, akamrudisha kitini, akaanza kumenya viazi.